Mikato Mitatu kwenye Chupa

Nitawaeleza habari za Gaudensia wa Makanyagio, pale Mpanda mjini, na ninachowaomba ni kimoja tu: msimcheke mapema. Kila mmoja wetu hapa anaye mtu ambaye akifanikiwa, chakula kinakuwa hakina chumvi. Bahati mbaya ya Gaudensia ni kwamba mtu wake alikuwa ndani ya ukoo, na alikuwa anaimba.

Gaudensia ni muuza asali. Hakuonjeshi asali kabla hajainusa yeye mwenyewe. Anaweka pua kwenye mdomo wa chupa, anafumba macho, halafu anakwambia nyuki hawa walikula maua gani na pori lilikuwa limepata mvua kiasi gani. Hayo hakujifunza shule. Aliolewa na Severini, mtoto wa kwanza wa mzee Ezekia wa Kabungu, na kwenye mji ule wa mzee Ezekia asali ndiyo inayosomesha watoto, inayoozesha na inayozika.

Sasa mzee Ezekia ana alama yake. Ni mikato mitatu ya kulala, imekatwa kwa tezo, mmoja juu ya mwingine. Iko kwenye kila mzinga wake wa gome na kwenye shina la kila mti uliobeba mzinga. Porini hakuna kufuli wala mlinzi. Mrina asali akifika chini ya mti akakuta mikato mitatu, anajua hapa ni kwa akina Ezekia, anapita zake. Akipanda, jina lake limekwisha. Watoto wa mzee, Severini na mdogo wake Deogratias, wanaitumia alama hiyohiyo ya baba yao, na wao kwa wao wanajua upi mzinga wa nani kwa kuangalia upande wa pori ulipo.

Gaudensia ndiye aliyeitoa alama porini akaileta mjini. Alipoanza kuuza kwa simu, watu wa Makanyagio walimwona kama aliyechanganyikiwa. Nani wa Dodoma atanunua asali ambayo hajaiona? Yeye akapiga picha mikato mitatu kwenye mzinga mmoja, akaipeleka kwa mtu wa stika pale mjini, akabandika kwenye chupa. Ukurasa wake Instagramu akauita Asali ya Mikato Mitatu, na WhatsApp akafungua grupu la wateja. Chupa zikaanza kupanda basi kwenda Mbeya, Dodoma, mpaka Dar. Watu wa huko hawakujua Kabungu iko wapi, lakini mikato waliijua.

Hakumuuliza mtu kuhusu alama. Angeuliza nini? Kwenye ukoo ule alama haiombwi. Ukishaolewa pale, na wewe ni wa alama.

Halafu Deogratias akaoa. Akaenda Mishamo akarudi na Joséline, binti mrefu wa familia ya wakulima waliotoka Burundi zamani. Kwa kuwa waliolewa na ndugu wawili, wanawake hawa wakawa wanaitana mke mwenza, kama ilivyo kawaida huku kwetu, ingawa kila mmoja ana mume wake na nyumba yake. Joséline alikuwa na heshima. Alikuja Makanyagio akakaa kwenye kigoda, akasema, "Mke mwenza, nifundishe na mimi hii ya simu."

Gaudensia akamfundisha. Hili ndilo lililokuja kumuuma kuliko yote. Alimwonyesha namna ya kufunga chupa isivuje ndani ya basi, namna ya kumjibu mteja anayetaka kupunguziwa, hata kwa mtu wa stika alimpeleka mwenyewe, amemshika mkono.

Joséline akaanza, na kwenye chupa zake mikato mitatu ileile. Ila yeye hakuweka picha za chupa peke yake. Aliweka simu juu ya gogo, akakaa akichuja asali, na huku akichuja akaimba nyimbo za kwao, za Kirundi, polepole, kama mtu aliyesahau kwamba anatazamwa. Asali inashuka kwenye kitambaa, yeye anaimba. Basi. Hakuna kingine. Watu wakaipenda video ile wakaisambaza mpaka ikafika kwa watu ambao hata asali hawali.

Gaudensia akawa anaamka na kufungua ukurasa wa mke mwenza wake kabla hajanawa uso. Akiona mioyo mingi anasonya. Akiona michache anarudi baadaye kuhakikisha kama bado ni michache. Siku moja na yeye alijirekodi. Alikaa wima, akavaa kitenge kipya, akaitazama simu. Recho, binti yake, alipoiona ile video alisema, "Mama, hapa unaonekana kama unatoa ushahidi." Ikafutwa.

Kilichomaliza uvumilivu wake ni ujumbe wa mteja wa siku nyingi. Aliandika, "Samahani dada, wewe ndiye yule anayeimba?"

Gaudensia akajibu, "Hapana. Mimi ndiye mwenyewe."

Jioni akamkabili mumewe.

"Severini, mdogo wako amemwachia mkewe anafanya anavyotaka."

"Kafanya nini tena?"

"Anaimba."

"Kuimba kuna kosa?"

"Anaimba ameshika alama yangu."

Severini alikuwa anakula. Akamaliza tonge lake kwanza. "Alama yako? Mimi nilidhani ya baba."

"Ya baba porini. Kwenye chupa ni yangu. Nani aliianzisha kwenye chupa?"

"Wewe."

"Basi."

"Basi," akasema Severini, akaomba maji. Ni mtu mpole, na upole wake siku nyingine humkasirisha mkewe kuliko ubishi.

Kwa hiyo muelewe alichokuwa anakitaka Gaudensia. Hakutaka Joséline aache kuuza asali. Alitaka mikato mitatu ibaki kwenye chupa zake peke yake, na mwingine atafute ya kwake. Hilo tu ndilo lililokuwa kifuani.

Ikaja baridi ya mwezi wa sita. Nyie mnaokaa Mpanda mnaijua, ile ya asubuhi inayofanya hata mafuta ya kula yagande kwenye kidumu. Mteja mmoja wa Dodoma, anaitwa Getrude, akamtumia Gaudensia picha. Chupa, stika ya mikato mitatu, na ndani asali imeganda, nyeupe kama samli. Chini ameandika, "Dada, hii nimenunua kwa mwenzako anayeimba. Imeganda yote. Ni nzima kweli?"

Jibu la swali hili Gaudensia alikuwa nalo miaka yote. Asali halisi baridi ikija huganda. Iweke kwenye maji ya uvuguvugu, itarudi ilivyokuwa, haina shida. Alishawaeleza wateja wake jambo hilo kila mwaka mpaka kuna wengine walimwita mwalimu. Na siku ile alianza kuliandika kama kawaida. Akafika katikati. Akatazama ile chupa, akatazama stika, akafuta.

Akachukua skrinshoti ya ujumbe mzima, akaiweka kwenye grupu la wateja na maneno haya: "Wateja wangu jihadharini. Hii si Mikato Mitatu ya kweli. Imechanganywa sukari ndiyo maana imeganda. Muuzaji mnamjua, ni huyo mwenye nyimbo nyingi. Ya kweli ipo kwangu tu."

Akajisikia vizuri sana. Ndugu zangu, tusidanganyane, alijisikia vizuri. Alifagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiwa.

Kesho yake akavaa, akaenda kwa wakili Esteria, mama mmoja mwenye ofisi ndogo karibu na stendi, anayesaidia sana wafanyabiashara wadogo. Alitaka karatasi ya kumzuia Joséline. Alieleza yote kwa mpangilio, na wakili alimsikiliza bila kumkatisha.

"Jina la biashara umelisajili?" wakili akauliza.

"Ndiyo, la Mikato Mitatu. Nilisaidiwa na kijana mmoja mjini."

"Vizuri. Sasa, jina la biashara ni kitu kimoja. Alama ya biashara, ule mchoro kwenye chupa, ni kitu kingine na usajili wake ni mwingine. Mchoro umesajili?"

"Huo bado. Ndiyo nataka tuuwahi kabla huyu binti hajajua."

"Tukiupeleka utatangazwa, ili mwenye pingamizi aseme. Nani anaweza kusema si wako?"

Gaudensia akafikiri. "Hakuna."

"Aliyeuchora kwanza ni nani?"

"Baba mkwe. Lakini yeye aliuchora kwenye miti."

"Yuko hai?"

"Yuko hai, tena ana nguvu."

"Alikuruhusu kwa maandishi?"

"Mama wakili, yule ni baba mkwe. Nimwendee na karatasi?"

Wakili akatabasamu. "Porini kila mtu anamjua mwenye mikato mitatu. Mtandaoni hawamjui. Huko anayejulikana ni mwenye makubaliano. Nyie mmechukua alama ya ukoo mzima, kila mtu kabandika kwake, hakuna aliyekaa na mwenzake kuzungumza. Huyo mke mwenza wako ana haki ileile uliyo nayo wewe, na pengine wote hamna."

Gaudensia aliona maneno yanaelekea pabaya, akatoa silaha yake. Akafungua simu, akamwonyesha lile tangazo. "Hata kama. Tazama anachouza."

Wakili akasoma. Akasoma tena. Tabasamu likaondoka.

"Hii imepimwa wapi?"

"Haijapimwa. Nimeona kwa macho."

"Umeona nini?"

"Imeganda."

"Asali ikiganda maana yake ina sukari?"

Nje makondakta walikuwa wanaita abiria wa Sumbawanga. Gaudensia alitazama meza. Angeweza kumdanganya wakili, lakini juu ya asali mdomo wake ulikataa.

"Hapana," akasema. "Hata yangu imeganda. Iko nyumbani, imeganda vilevile."

"Kwa hiyo ulijua si kweli ukaandika."

"Nilikuwa na hasira."

"Hasira haiandikwi kwenye utetezi, mama yangu. Kusambaza mtandaoni jambo unalojua ni la uongo ili kumharibia mtu ni kosa la jinai, unaweza kufungwa. Pembeni ya hapo, mwenyewe anaweza kukudai fidia kwa biashara yake. Na huyu Getrude? Jina lake na namba yake vipo hapa juu, watu wote wanaviona. Alikuruhusu?"

"Si ni mteja wangu."

"Mteja alikupa namba umuuzie asali. Hakukupa uitangaze. Kwa sheria ya sasa ya taarifa za watu, hili nalo ni tatizo, tena kubwa."

"Nitafuta sasa hivi."

"Futa. Ila usijidanganye kwamba ukifuta limekwisha. Kama wewe ulipiga skrinshoti, na wao wanazo simu."

Na kweli walikuwa nazo. Gaudensia hajafika hata nyumbani, simu ya Severini ikawa inaita. Getrude alikuwa amepigiwa na watu asiowajua tangu asubuhi, wengine wanamuuliza habari ya sukari, mwingine anamtongoza. Kwa hasira akamtumia Joséline kila kitu. Joséline akamwonyesha mumewe. Deogratias akampigia kaka yake akasema maneno mawili tu: polisi, na baba.

Wakaitwa Kabungu. Severini akawasha pikipiki, mkewe akapanda nyuma.

Walimkuta mzee Ezekia uwanjani anatengeneza mzinga, anakunja gome na kulishonea vijiti. Joséline amekaa kwenye mkeka pembeni, macho mekundu. Deogratias amesimama. Gaudensia akapiga goti kusalimia, mzee akaitika shikamoo yake huku akiendelea na gome.

"Haya, nisomee," mzee akamwambia Deogratias. Yeye hajawahi kumiliki simu ya kuperuzi.

Deogratias akasoma. Mzee akaomba simu, akaisogeza mbali na macho, akaitazama picha kwa muda.

"Nani kaandika?"

"Mimi, baba," Gaudensia akasema. "Lakini nilimsema yeye. Sikusema alama."

"Yeye simwoni hapa," mzee akasema. "Hapa naona chupa. Juu ya chupa naona mikato yangu mitatu. Chini naambiwa sukari. Sasa mimi miaka yote hii napanda miti kurina sukari?"

"Hapana, baba."

"Mtu wa Dodoma ananijua mimi kwa sura? Ananijua kwa hii. Mama Recho, umeenda kunisema kwa watu nisiowajua."

Hili Gaudensia hakuwa ameliona. Alikuwa ameitazama picha ile mara nyingi, na kila mara alimwona Joséline tu. Kumbe macho yake yalikuwa yanamwonyesha mtu ambaye hayupo kwenye picha.

Deogratias akasema, "Baba, mimi naenda kituoni. Shemeji nampenda, ila hili limezidi."

Joséline akaongea kwa mara ya kwanza. "Mimi siendi kituoni."

"We Mama Rénovat," Deogratias akamwita kwa jina la mtoto wao, "nyamaza kwanza."

"Aliyetukanwa ni mimi, wewe unaninyamazishaje?" Akamgeukia Gaudensia. "Mke mwenza, uliponifundisha kazi ulinificha kitu?"

"Sikukuficha."

"Basi na leo usinifiche. Uandike palepale ulipoandika, wasome walewale waliosoma. Useme asali yangu ni safi. Na Getrude umwombe msamaha. Ukifanya hivyo, mimi polisi nitaenda kufanya nini?"

Gaudensia akamwambia ndiyo. Kati ya kulala mahabusu na kumsifia Joséline mbele ya wateja wake mwenyewe, hakuwa na uhakika lipi jepesi.

Lakini mzee alikuwa hajamaliza. Akaweka gome chini. "Alama yangu ni ya porini. Kwenye chupa itoke. Kwa wote wawili."

"Baba, watu wameizoea," Severini akajaribu.

"Tezo hilo hapo. Wewe umeoa, una watoto, na mpaka leo unakata mikato ya baba yako. Kata yako."

Nitawaambia ukweli. Mzee aliposema kwa wote wawili, Gaudensia alipata furaha ndogo ya chinichini. Angalau na yule ameikosa. Furaha hiyo aliipakia kwenye pikipiki akarudi nayo, na ilidumu mpaka walipokaribia mjini. Hapo ndipo jambo lilipomfungukia. Joséline akibandua stika, watu bado watakuja. Walimfuata yeye, sauti yake, mikono yake inayochuja. Mikato hawakuitazama hata siku moja. Mwenye kuuza kwa mikato alikuwa Gaudensia peke yake. Alipigania kitu ambacho mwenzake hakukihitaji, na sasa yeye ndiye amebaki na chupa zisizo na uso.

"Unawaza nini?" Severini akamwuliza walipofika.

"Nawaza niandike nini."

"Si umeshaambiwa. Andika ni safi."

"Watauliza kwa nini imeganda."

"Si uwaeleze. Kila mwaka unawaeleza."

Akampelekea wakili rasimu kwanza. Wakili alifuta mahali pawili. Pa kwanza Gaudensia alikuwa ameandika "pamoja na kwamba anapenda kujionyesha". Pa pili aliandika "kama nimekosea". Wakili akamwambia, "Hakuna kama. Umekosea." Akamshauri pia, siku zijazo akitaka picha au maneno ya mtu aombe ruhusa kwa maandishi, hata ujumbe wa simu unatosha, na yeye akiombwa ajibu kwa maandishi.

Akaandika basi. Aliandika kwamba lile tangazo lilikuwa uongo na yeye aliyeliweka alijua ni uongo. Kwamba asali ya Joséline inatoka pori lilelile na yake, na ni safi. Kwamba anamwomba radhi Joséline na mteja aliyeanikwa namba yake bila ruhusa. Halafu, kwa kuwa hakuweza kuishia hapo, akaendelea kueleza. Asali gani huganda haraka na ipi huchelewa. Kwa nini ya maua haya inakuwa na chembe laini na ya yale ina chembe kubwa. Kwa nini usiichemshe, maji ya uvuguvugu tu. Namna ya kuinusa kabla ya kununua. Aliandika kama anavyoongea na mtu aliyekaa naye, akasahau kwamba anaomba radhi. Mwisho akaweka jina lake, Gaudensia, kwa kuwa alama hakuwa nayo.

Majibu yakaja. Wengine walimsema, na alistahili. Wawili wakatoka kwenye grupu. Wengi walimsifu Joséline kwa moyo wake, wakaomba namba yake humohumo kwenye grupu la Gaudensia, na yeye akaitoa, baada ya kumwuliza mwenyewe kama anaruhusu, huku meno yameng'atana. Lakini kulikuwa na wengine walioandika, "Mwalimu, na ile nyeusi yenye uchungu kidogo ni ya maua gani?" "Mwalimu, mtoto mdogo apewe au asipewe?" Aliwajibu mmoja mmoja. Alipofika kwa wa mwisho ugali ulikuwa umepoa.

Wiki iliyofuata akarudi kwa wakili kusajili jina jipya. Aliandika Asali ya Gaudensia. Severini akakata mkato wa nne kwenye mizinga yake, wa kusimama, huo ndio ukawa alama yake mwenyewe, na safari hii, kabla haujafika kwa mtu wa stika, yeye, mkewe na mzee Ezekia waliweka saini na dole gumba kwamba ni wa nani na utumike wapi.

Siku chache baadaye ukaingia ujumbe kutoka kwa Joséline. "Mke mwenza, wateja wangu wananisumbua kuhusu kuganda. Mimi sijui kueleza kama wewe. Naomba ruhusa niyasome maneno yako kwenye video yangu, nikiwa nachuja."

Gaudensia aliusoma. Akauacha. Akaosha chupa, akaanua nguo, akamwuliza Recho swali la shuleni ambalo halikumhusu. Aliona kabisa upande wa pili mtu anasubiri, na aliacha asubiri vizuri.

Kisha akaandika: "Nimeruhusu. Usibadilishe neno. Jina langu liandikwe juu, sio chini. Na hapo pa kwangu usiimbe."